Neno “check”: mfalme wa Uajemi aliyeishia kwenye bili ya mgahawa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mgahawa kwenye hoteli moja huku Nungwi. Majuzi mgeni Mmarekani alimaliza kula, akanipungia mkono, akasema “check, please.” Nikajua anataka nimwangalizie kitu, nikamuuliza niangalie nini. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe anataka bili. Tangu siku hiyo neno hili linanisumbua. Mapokezi wana check-in na check-out, benki wana cheque, mgeni mwenyewe alivaa shati la checks, na mdogo wangu akicheza chess kwenye simu, simu inamwambia check. Ni neno moja hili, au ni maneno mengi yaliyogongana sauti? Na sisi tukisema “nicheki baadaye”, tunaharibu Kiingereza cha watu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza usione aibu. Shule zetu zimefuata Kiingereza cha Uingereza, na Mwingereza akishiba huomba “bill”. Check ya mgahawani ni ya Wamarekani. Angekuja Mwingereza na ombi hilo hilo, ungempelekea bili yake bila kuuliza.

Sasa swali lako. Ni neno moja. Bili ya Mmarekani, cheque ya benki, check-in ya mapokezi, shati la mgeni wako na ile sauti ya simu ya mdogo wako, vyote vimetoka tumbo moja, na tumbo lenyewe si la Kiingereza. Tuanze na mdogo wako, maana katika nyinyi wote yeye ndiye aliyelikuta neno likifanya kazi yake ya kwanza.

Sataranji ilianzia India, ikiitwa chaturanga, yaani viungo vinne, kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Waajemi wakaupokea mchezo wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 wakauchukua na mchezo. Kwa kuwa Kiarabu hakina ile ch wala ile g, wakatamka shatranj. Nasi wa pwani, tusiopenda konsonanti zibanane, tukachomeka irabu zetu ikawa sataranji.

Kete kuu katika mchezo huo ni mfalme, na mfalme kwa Kiajemi ni shah. Ukimweka mfalme wa mwenzio hatarini, adabu ilitaka umtahadharishe, utamke: “Shah!” Yaani, mfalme wako huyo, mwangalie. Kelele hiyo ndiyo check. Mchezo ulifika Ulaya kwa mikono ya Waarabu, kupitia Hispania na Sisilia. Waandishi wa Kilatini wakaliandika scaccus, Wafaransa wa zamani wakasema eschec, na Waingereza wakalikata kichwa likabaki check. Wingi wa eschec ulikuwa esches, na huo nao ukakatwa kichwa ukawa chess. Kwa hiyo check na chess ni umoja na wingi wa neno moja, kama mtu asemavyo shaha na mashaha.

Nimelitaja shaha makusudi. Neno hilo sisi tunalo siku nyingi, na hatukulipata kwa Mwingereza. Shaha kwa Kiswahili ni ile kete ya mfalme katika sataranji, na tena ni malenga aliyewapita malenga wenzake, mfalme wa washairi. Basi mshairi anayepewa jina la shaha na kile kikaratasi alichokuwa anakidai mgeni wako ni ndugu wa damu, ila mmoja alipanda jahazi moja kwa moja mpaka kwetu na mwingine akazungukia Ufaransa.

Mdogo wako akishindwa kabisa, simu inamwambia checkmate. Hapo ndipo wengi huteleza. Utasikia kwamba ni Kiarabu, shah mat, “mfalme amekufa”, na sikio la Mswahili linakubali upesi kwa sababu tuna mauti na maiti kutoka mzizi huo huo wa Kiarabu. Lakini usemi ni wa Kiajemi, na katika Kiajemi mat ni mtu aliyeduwaa, aliyekwama, asiye na la kufanya. Hata mchezo wenyewe unashuhudia hivyo: kete zote huliwa, mfalme haliwi. Mchezo huisha akiwa bado amesimama kwenye mraba wake, hana pa kwenda.

Wafaransa nao walibaki na neno lao, siku hizi échec, wakalipa maana ya kushindwa. Mwanafunzi wa Bukavu au Bujumbura aliyepata échec ya hesabu kwenye ripoti yake anabeba mfalme wa Uajemi nyumbani kwa baba yake, na hapati sifa yoyote kwa hilo.

Turudi kwa Waingereza. Mfalme akitishiwa, mambo mengine yote husimama. Ulikuwa umepanga kumla tembo wa mwenzio, unaacha. Ulikuwa na hila yako upande wa kulia, unaacha. Lazima kwanza umnusuru mfalme. Wachezaji wakalitoa neno kwenye ubao wakaanza kulitumia maishani. Tangu karne ya 14 check ikawa kuzuia, kusimamisha, kukatiza mwendo wa kitu. Farasi anayekimbia ovyo huvutwa hatamu, hiyo ni check. Jeshi linalosonga mbele likigonga ukuta wa adui, hiyo nayo ni check. Kuangalia na kukagua, ambayo ndiyo maana uliyoijua wewe pale mezani, ilikuja baadaye sana, karne ya 17.

Kuzuia kuligeukaje kukagua? Panda daladala ukafike kwenye kizuizi cha polisi. Trafiki ananyoosha mkono, dereva anakanyaga breki: umezuiwa. Kisha trafiki anazunguka gari, anatazama leseni, bima, matairi, anahesabu vichwa: umekaguliwa. Waingereza wanapaita mahali hapo checkpoint, na ukiwauliza ile check ni ya kuzuia au ya kukagua, hawana jibu, maana ni zote mbili kwa wakati mmoja. Maana mpya huzaliwa hivyo mara nyingi, katika tendo ambalo mambo mawili hayaachani, mpaka la pili linajitegemea.

Hapa niruhusu nilalamike kidogo, maana nimekula chumvi nyingi katika kazi ya kutafsiri. Kuna ule usemi wa siasa, checks and balances. Nimeukuta umetafsiriwa “ukaguzi na mizani”, utadhani Bunge, Serikali na Mahakama wamefungua duka la nyama. Check ya pale ni ile ya kale, ya kuzuia: kila mhimili una uwezo wa kuukanyagia breki mwenzake. Sema mihimili inadhibitiana, na umemaliza. Vilevile unchecked power ni madaraka yasiyo na wa kuyazuia. Mtu akiandika “madaraka yasiyokaguliwa” ataelewa mhasibu peke yake.

Kutoka kukagua, njia ni nyepesi. Ukishakagua unaweka alama, ile tunayoiita vema au tiki. Mmarekani anaiita check. Ukikabidhi begi lako mtu akaliandika na kukupa kikaratasi chenye namba, kikaratasi hicho ni check, maana kwacho utadhibitiwa usije ukachukua begi la mwenzio. Wenzako wa mapokezi wanafanya kitu hicho hicho kwa watu: check-in ni kumwandika mgeni aliyeingia, check-out ni kumfuta aliyetoka. Na karatasi inayoandika ulichokula ili usitoke bila kulipa, huko Marekani, ni check. Kuna hata rain check, iliyotoka kwenye viwanja vyao vya besiboli: mvua ikivunja mchezo, kipande cha tiketi ulichobaki nacho kinakuingiza siku nyingine bure. Leo Mmarekani akikataa mwaliko wako kwa adabu atakwambia atachukua rain check. Usitazame mbinguni.

Cheque ya benki ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Wengi hudhani ni neno lake peke yake kwa sababu ya tahajia. Wazee wangu mtanikumbuka: kitabu cha hundi kilikuwa na kila karatasi imegawanywa na mstari wa vitobo. Unaandika kiasi upande mkubwa, unaandika kiasi kile kile na tarehe upande mdogo, halafu unachana taratibu ukiomba Mungu isipasuke vibaya. Mkubwa unakwenda, mdogo unabaki kitabuni. Ule mdogo ndio kishina. Na kumbe mwanzoni mwa karne ya 18, check ilikuwa ni kile kishina, yaani kipande cha kuzuia udanganyifu. Mtu akibadilisha mia ikawa elfu, unatoa kishina, unalinganisha, anaumbuka. Baadaye jina likahama kutoka kipande kinachobaki likaenda kwa kipande kinachoondoka.

Kisha ilikuwaje ikaandikwa cheque? Hapo inabidi tupite kwenye chumba kimoja cha Uingereza, zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Neno la Kilatini scaccus lilikuwa na ndugu yake, scaccarium, maana yake ubao wa sataranji. Kwa Kifaransa cha kale ni eschequier, na Waingereza wakalifanya exchequer. Enzi za mfalme Henry wa Kwanza, aliyetawala mpaka 1135, hazina ya mfalme ilikuwa ikipiga hesabu juu ya meza kubwa. Tunajua sura yake kwa sababu Richard FitzNeal, mtunza hazina wa mfalme Henry wa Pili, aliieleza kwa kirefu katika miaka ya 1170: urefu futi 10, upana futi 5, kingo zimeinuliwa kiasi cha vidole vinne ili kitu kisidondoke, na juu yake kitambaa cheusi kilichopigwa mistari. Safu moja ya peni, ya pili ya shilingi, ya tatu ya pauni, kisha pauni ishirini-ishirini, mamia, maelfu.

Mara mbili kwa mwaka maofisa wa mfalme wa kila jimbo, masherifu (si masharifu wetu), waliitwa kuja kutoa hesabu ya mapato. Sherifu anakaa upande mmoja wa meza, mtunza hazina upande wa pili. Mhesabuji anapanga kete ndogo za kuhesabia kwenye miraba: juu anaweka kiasi anachodaiwa sherifu, chini anaweka alicholeta. Kila kete inayosogezwa macho yote yanaifuata. Pengo likionekana, linaonekana na kila mtu chumbani, hata asiyejua kusoma. Na ilibidi iwe hivyo, maana walikuwa wakiandika kwa namba za Kirumi. Jaribu kutoa CCXLVII kwenye MDCXII bila ubao, utaniambia. FitzNeal mwenyewe aliulizwa kwa nini mahali hapo pakaitwa ubao wa sataranji. Alijibu kwamba meza inafanana na ubao huo, halafu akaongeza kwamba kama vile katika sataranji wafalme wawili hupigana, hapa nako kuna vita vya watu wawili, mtunza hazina na sherifu.

Risiti zao zilikuwa vijiti. Unachukua kijiti cha mti, unakikata pengo kwa kila kiasi: pengo la upana wa kiganja ni pauni 1,000, la upana wa dole gumba ni 100, la kidole kidogo ni 20, la unene wa punje ya shayiri ni pauni moja. Kisha unakipasua kwa urefu, mapengo yakibaki pande zote mbili. Kila upande unachukua kipande chake, na siku ya ugomvi vinaunganishwa; visipokutana, kuna mwizi. Kipande kirefu alichopewa mtoa fedha kiliitwa stock, neno ambalo maana yake ya asili ni shina la mti. Sisi tunaita kile kipande cha kitabu cha hundi kishina. Macho ya watu yaliona kitu kimoja. Vijiti hivyo vilitumika mpaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 shehena ya vijiti vya zamani ilikuwa inachomwa kwenye matanuri yaliyo chini ya jengo la Bunge la Uingereza. Moto ukazidi, sehemu kubwa ya jengo la Bunge ikaungua.

Exchequer likabaki kuwa jina la hazina ya serikali. Waziri wa fedha wa Uingereza mpaka leo anaitwa Chancellor of the Exchequer, ambalo ukilifuata mpaka mwanzo ni karani wa ubao wa sataranji. Kenya ililirithi: sheria yao ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ina akaunti inayoitwa National Exchequer Account, ndani ya Benki Kuu. Gavana anapolia kwamba kaunti yake haijatumiwa fedha, anaowalilia wako kwenye ubao ule ule.

Sasa rudi benki. Wamiliki wa benki wa Uingereza walikuwa na check, kishina cha kuzuia udanganyifu, na jirani yao alikuwa Exchequer, mahali fedha kubwa zinapokaa. Maneno mawili, sauti moja, biashara moja. Wakaanza kuazima tahajia ya jirani. Mwaka 1828 mwanabenki James William Gilbart aliiandika cheque waziwazi, akitoa sababu kwamba inaondoa utata na inafanana na exchequer. Waingereza wakamfuata, nasi makoloni tukafuata; Wamarekani wakakataa, wakabaki na check yao mpaka leo. Ukiitazama vizuri, hii ni ndoa ya binamu: upande mmoja ni ukoo wa mfalme, uliopita kwenye kuzuia na kukagua, upande wa pili ni ukoo wa ubao, uliopita kwenye meza ya kodi. Walikuwa wameachana kwenye Kilatini huko nyuma kabisa, wakakutana tena juu ya kikaratasi kimoja mjini London.

Sisi tuna hundi, neno tulilopewa na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakiandikiana fedha kati ya Zanzibar na Bara Hindi. Mtaani watu husema cheki. Mimi huandika hundi, lakini ikirudishwa na benki hata mimi husema cheki imebaunsi, maana uchungu hauna istilahi.

Shati la mgeni wako ni la ukoo wa ubao. Miraba miraba, kama ubao wa sataranji, basi. Lakini usiende mbali: shati la namna hiyo wewe mwenyewe ungeliitaje? Nina hakika ungesema shati la drafti. Pita jioni chini ya mwarobaini wowote wenye benchi utawakuta: ubao uliochorwa kwa kalamu ya wino, vizibo vya soda, huyu amevilaza, yule amevigeuza, na mmoja pembeni asiyecheza ndiye anayejua kila kosa. Mchezo ule tuliupokea kwa jina la Kiingereza cha Uingereza, drafti. Mmarekani anauita checkers. Basi yeye ametoa jina la nguo kwenye ubao, na sisi tumetoa jina la nguo kwenye ubao, kila mtu kwa ubao wake. Huo ndio ushahidi ninaoupenda kuliko wa kamusi yoyote, kwa sababu haukuhitaji mtu kuvuka bahari. Na kizibo kikifika mwisho wa ubao mchezaji hupiga kelele gani? “Kingi!” Shah, kwa lugha nyingine.

Umeuliza kama “nicheki” ni kuharibu Kiingereza. Neno likishaingia Kiswahilini likavaa viambishi, ni letu, tunalipa kazi tunayotaka. Tumelipa kazi mbili. Ya kwanza ni ile ile ya kukagua: nimeenda kucheki presha, cheki mafuta kwenye gari. Ya pili tumeitunga wenyewe, kumtafuta mtu: nicheki kesho, tutachekiana, alinicheki jana sikupokea. Hii ya pili kwa Kiingereza cha kawaida haipo. Ukimwambia mgeni “check me tomorrow”, atadhani wewe ni mgonjwa unataka kupimwa. Halafu chunga irabu ya mwisho, maana kati ya “amenicheki” na “amenicheka” kuna herufi moja tu, na wewe majuzi yalikupata yote mawili kwenye meza moja.

Jambo dogo la mwisho, kabla mtu hajaniandikia. Jamhuri ya Cheki haimo katika ukoo huu. Hilo ni jina la watu wenyewe, sauti imefanana tu.

Kazini basi fanya hivi. Mmarekani akisema “check, please”, mpelekee bili. Akisema anataka kulipa “by check”, mwite meneja. Lakini akikuita akasema “please check the check”, sogea haraka na kalamu, kwa sababu amekuta kosa kwenye hesabu.